Lanchester: Mhandisi aliyetuliza mtetemo wa magari kwa utando wa mafuta

MAGARI ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalitetemeka mno. Nati zililegea, vyuma vikapata nyufa, na aliyeshika usukani akafika mwisho wa safari mikono ikiwa imekufa ganzi. Watengenezaji wengi waliamini kwamba dawa ya maradhi hayo ilikuwa chuma kinene zaidi. Mwingereza Frederick William Lanchester aliona mambo tofauti. Kwake, mtetemo haukuwa adui wa kupigwa kumbo bali nguvu iliyohitaji mahali pa kwenda, na mahali hapo palikuwa ndani ya utando mwembamba wa mafuta. Ila mafuta hayo yalipaswa kuwa na uzito unaofaa: yakiwa mepesi kupita kiasi hayakufaa kitu, na yakiwa mazito kupita kiasi hayakufaa kitu vilevile.

Lanchester alizaliwa Oktoba 23, 1868, mtaani Lewisham, London, akiwa mtoto wa nne kati ya wanane. Babake, Henry Jones Lanchester, alikuwa msanifu wa majengo, na familia ilihamia pwani ya kusini ya Uingereza Frederick angali mchanga. Alisoma katika taasisi ya Hartley mjini Southampton, kisha katika chuo cha sayansi cha South Kensington, London, huku jioni akihudhuria masomo ya ufundi wa karakana huko Finsbury. Aliondoka chuoni bila shahada. Kwa mtu ambaye baadaye angebishana na maprofesa kuhusu nguvu zinazoinua bawa la ndege angani, hilo lilikuwa pengo ambalo wakubwa wa taaluma hawakumsahaulisha.

Mnamo 1889 aliajiriwa na kampuni ya Forward ya Birmingham, iliyounda injini za gesi, kwa mshahara wa pauni moja kwa wiki. Mkataba aliopewa ulikuwa na kifungu kilichosema kwamba uvumbuzi wowote ambao angefanya kazini ungekuwa mali ya kampuni. Kijana huyo wa miaka 20 alikikata kifungu hicho kwa kalamu kabla ya kutia sahihi. Haukupita muda mrefu akabuni kifaa cha kudhibiti kasi ya injini na kingine cha kuiwasha bila kusukumwa kwa mikono, na hicho cha pili akakiuza kwa kampuni ya Crossley kwa fedha za kutosha. Nduguye mdogo, George, alijiunga naye hapo kama mwanagenzi, na wakawa chanda na pete kwa miaka mingi iliyofuata.

Akiwa na kitega uchumi hicho, Lanchester aligeukia gari. Lake la kwanza, lenye silinda moja na nguvu za farasi watano, liliundwa mnamo 1895 na kutoka barabarani mwanzoni mwa 1896, wakati ambapo sheria ya Uingereza bado ilizuia chombo cha aina hiyo kwenda zaidi ya maili 4 kwa saa. Wengi hulitambua kuwa gari la kwanza la petroli lenye magurudumu manne kubuniwa lote na Mwingereza. Wenzake walikuwa wakichukua kigari cha farasi na kukipachika injini. Yeye alianza na karatasi tupu.

Katika injini iliyofuata ndipo alipodhihirisha kilichokuwa kikimkosesha usingizi. Pistoni inapokwenda na kurudi, injini nzima husukumwa upande huu na ule. Lanchester aliweka silinda mbili zinazotazamana, akazipa krankshafti mbili, yaani zile fito zilizopindwa zinazogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake. Msukumo wa huku ukafutwa na msukumo wa kule. Ulikuwa ufundi wa gharama kubwa na wenye vipande vingi, lakini injini hiyo ilitulia kwa namna ambayo hazikutulia nyingi za wakati huo.

Kampuni ya Lanchester ilisajiliwa Desemba 1899, ikapata karakana katika mtaa wa Sparkbrook, Birmingham. Magari yake hayakufanana na ya mtu mwingine yeyote. Injini ilikaa kati ya viti, pasipo boneti mbele ya dereva. Springi zilipimwa ili mruko wa gari ukaribiane na mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kwa kuwa Lanchester alisema mwili wa binadamu umeuzoea mwendo huo tangu utotoni na hauwezi kuuchukia. Na badala ya usukani wa duara, dereva alishika wenzo uliokaa ubavuni mwake. Mwandishi Rudyard Kipling alikuwa miongoni mwa wateja wa mapema, na gari lilipomharibikia njiani kampuni ilipata habari zake bila kukawia.

Wenzo huo haukuwa ukaidi mtupu. Usukani wa duara humtenga dereva na magurudumu kwa gia nyingi. Wenzo humpa habari za barabara moja kwa moja mkononi. Lakini habari za barabara ni pamoja na kila jiwe na kila shimo. Mbuni wa wenzo alilazimika kuhakikisha kwamba magurudumu ya mbele hayatapiga kelele zisizo na maana, na Lanchester aliweza kwa kupanga vyema sehemu zenyewe. Wanunuzi, hata hivyo, walikuwa wameshazoea duara, na kufikia takribani 1911 wenzo ulikuwa umeachwa.

Kampuni haikuwa na mtaji wa kutosha tangu mwanzo. Mnamo 1904 iliwekwa chini ya mrasimu, licha ya kuwa na maagizo ya wateja mkononi, na ikaundwa upya. Wakurugenzi walitaka magari yanayofanana na ya wengine, yeye akataka magari yaliyo sahihi. Polepole George alishika usukani wa ubunifu, naye Frederick akawa mshauri. Ni katika ushauri huo, si kwenye kampuni iliyobeba jina la familia, ambapo alifanya kazi ambayo jina lake linakumbukwa nayo zaidi vyuoni.

Kampuni ya Daimler ya Coventry ilimchukua kuwa mhandisi mshauri mnamo 1909. Ilikuwa imewekeza sana katika injini aliyoibuni Mmarekani Charles Knight, ambayo haikutumia vali za kawaida bali vibomba vilivyoteleza ndani ya silinda. Ilikuwa injini isiyo na kelele, ingawa ilikunywa mafuta na kuacha moshi nyuma yake. Tatizo lililowatisha wahandisi lilijitokeza ilipoundwa kwa silinda 6. Katika kasi fulani mahususi, injini iliyokuwa imetulia ilianza kunguruma na kutetemeka vibaya, kisha ikatulia tena dereva alipopita kasi hiyo.

Lanchester alitambua kilichokuwa kikitendeka. Krankshafti ya silinda 6 ni ndefu. Kila mlipuko ndani ya silinda huisokota kidogo, nayo hujisokotoa kama springi. Kama ilivyo bembea, fito hiyo ina mdundo wake wa asili. Mtoto akisukumwa kwenye bembea bila mpangilio hapandi juu. Akisukumwa sawasawa na mdundo wa bembea, msukumo mdogo tu humpeleka juu kabisa. Injini ilipofikia kasi ambayo milipuko yake ililingana na mdundo wa krankshafti, msokoto uliongezeka kwa kila mzunguko hadi chuma kikachoka. Kuongeza unene wa fito hakukuondoa mdundo huo. Kuliuhamisha tu hadi kwenye kasi nyingine.

Suluhisho lake, alilolikatia hataza mnamo 1910, lilikuwa flaiwili ndogo iliyokaa kwenye ncha ya mbele ya krankshafti lakini isiyofungwa nayo. Kati ya hizo mbili kulikuwa na sahani nyembamba zilizopishana: moja imeshikana na krankshafti, inayofuata imeshikana na flaiwili, na kati ya kila mbili mna utando wa mafuta. Krankshafti ikizunguka kwa utulivu, mafuta huiburura flaiwili ndogo nayo ikazunguka sambamba. Krankshafti ikianza kujisokota mbele na nyuma, flaiwili kwa uzito wake hukataa kufuata mchezo huo. Sahani hutelezeana, mafuta yaliyo katikati hukatwakatwa, na nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto.

Hapa ndipo uzito wa mafuta unapokuwa mfalme. Uzito unaozungumziwa si ule wa mizani. Ni ule ugumu wa kutiririka unaotofautisha maji na asali, au uji wa moto na uji uliolala. Tuchukue kwamba mafuta ni mepesi kama maji. Sahani zitatelezeana bila upinzani, flaiwili itakaa pale kama mgeni asiyehusika, na krankshafti itatetemeka kana kwamba kifaa hakipo. Sasa mafuta yawe mazito kama lami. Sahani hazitatelezeana kamwe. Flaiwili itagandamana na krankshafti na kuwa sehemu yake. Hapatakuwa na mafuta yanayokatwa wala joto linalozaliwa. Kitakachobadilika ni kwamba fito, ikiwa sasa imebeba mzigo wa ziada, itakuwa na mdundo wa chini zaidi, na mtetemo uleule utajitokeza katika kasi ndogo kuliko awali.

Fundi asiyejua hisabati yake angedhani kwamba kadiri mafuta yanavyokuwa mazito ndivyo kifaa kinavyofanya kazi vizuri. Ndivyo akili ya kawaida inavyoelekeza, na ndivyo inavyopotosha. Kati ya wepesi wa maji na uzito wa lami kuna kipimo kimoja ambapo mtetemo hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa, na kukipita upande wowote ni hasara. Kipimo hicho hutegemea ukubwa wa flaiwili ndogo ukilinganishwa na mzigo inaoutuliza.

Mbuni hana uhuru wa kuchagua mafuta pekee. Upinzani wa utando huongezeka kadiri mafuta yanavyokuwa mazito, kadiri eneo la sahani linavyopanuka na kadiri sahani zinavyotelezeana kwa kasi. Nao huongezeka maradufu nafasi kati ya sahani ikipunguzwa kwa nusu. Ndiyo maana Lanchester alitumia sahani nyingi. Kwa kuongeza au kupunguza idadi yake, aliweza kuyapata matokeo aliyoyataka kwa mafuta ambayo tayari yalikuwa ndani ya injini.

Adui aliyebaki alikuwa joto. Mafuta ya injini ya kawaida yanapopashwa kutoka nyuzijoto 40 hadi 100, hupoteza uzito wake hadi kubaki takribani sehemu moja kwa kumi. Kifaa kilichopimwa kwa injini iliyopata moto kilikuwa kigumu mno asubuhi ya baridi, na kilichopimwa kwa asubuhi kilikuwa kimelegea mchana. Kibaya zaidi, kadiri kilivyofanya kazi ndivyo kilivyojipasha. Jibu la kudumu halikupatikana enzi zake. Kuanzia miaka ya 1940, kampuni ya Houde ya mji wa Buffalo, Marekani, iliunda vifaa vya aina hiyo vilivyojazwa majimaji ya silikoni, ambayo uzito wake hubadilika kidogo sana kwa joto kuliko mafuta yanayotokana na petroli. Ndani ya mkebe uliozibwa, pete nzito huelea kwenye silikoni mbele ya injini nyingi za dizeli za malori hadi leo.

Henry Royce naye alikuwa amepambana na krankshafti za silinda 6 tangu 1906, na swali la nani alitangulia liliwagombanisha wafuasi wa pande hizo mbili kwa miaka mingi. Tofauti yao ya kiufundi ni muhimu kuliko ugomvi wenyewe. Royce alielekea kwenye msuguano wa sahani zilizobanwa na springi. Msuguano wa namna hiyo hukataa kabisa kusogea hadi nguvu ifikie kiasi fulani, kisha huachia ghafla. Mafuta hayana tabia hiyo. Hupinga kidogo mwendo ukiwa mdogo na hupinga sana mwendo ukiwa mkubwa, jambo ambalo pia huwafurahisha wanahisabati, kwa kuwa linaandikika kwa mlingano ulio rahisi.

Kanuni hiyo ilihamia haraka kwenye sehemu nyingine za gari. Nchini Ufaransa, Maurice Houdaille alikuwa tayari ametengeneza vipunguza-mtikiso vya springi vilivyokuwa na bawa linalogeuka ndani ya kisanduku cha mafuta. Miaka ya 1920 ilipoleta breki za mbele na matairi mapana yenye upepo mdogo, balaa jipya liliingia: magurudumu ya mbele yalianza kupepesuka kushoto na kulia yenyewe, na usukani ukayumba kwa nguvu mikononi mwa dereva. Baadhi ya wahandisi walilikabili kwa kufunga kisanduku cha mafuta kwenye mfumo wa usukani. Mambo yalikuwa yaleyale. Mafuta mazito yalitibu mpepesuko lakini yakaufanya usukani uwe mzito kama wa jahazi lililopakia, tena usirudi wenyewe katikati baada ya kona. Mafuta mepesi yaliuacha usukani laini na mpepesuko ukarejea.

Umbo la njia ya mafuta ndani ya kisanduku lilikuwa na uzito sawa na mafuta yenyewe. Mafuta yanayosukumwa kupitia mfereji mrefu na mwembamba hutii uzito wake kikamilifu, hivyo baridi na joto huonekana papo hapo kwenye usukani. Yanayopitishwa kwenye tundu fupi lenye ukingo mkali hayajali sana uzito huo, kwa maana kinachoyapinga zaidi ni kule kuharakishwa kwa ghafla. Wabunifu wengine walitumia skrubu ya kurekebisha: vifaa vya Houdaille vilivyofungwa kwenye springi za Ford Model A, iliyouzwa kuanzia Desemba 1927, vilijazwa glisarini na kuwa na sindano ambayo mwenye gari aliikaza au kuilegeza kulingana na majira.

Lanchester mwenyewe hakusimama hapo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alibuni mfumo wa fito mbili zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kinyume kwa kasi maradufu ya injini, ili kufuta mtikiso unaobaki katika injini ya silinda 4. Kwa ajili ya gia zake za skrubu aliunda mtambo wa kupimia uliofanya kazi katika Maabara ya Kitaifa ya Fizikia huko Teddington, ambao baadaye ulitumika kulinganisha mafuta ya aina mbalimbali. Hataza yake ya breki za diski ni ya 1902.

Angani alitangulia pia, na akaumia. Katika miaka ya 1890 aliandika nadharia kuhusu jinsi bawa linavyobebwa na hewa, na mwaka wa 1897 chama cha wanafizikia kikakataa kuichapisha. Aliitoa katika vitabu viwili, 1907 na 1908, na wakati Wajerumani chini ya Ludwig Prandtl walipoipa sura ya hisabati ndipo Waingereza walipoanza kumtazama kwa macho mapya. Mnamo 1916 alichapisha uchanganuzi wa kihisabati wa vita vya ndege ambao majeshi yaliusoma kwa miongo mingi. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mnamo 1922, akiwa na umri wa miaka 53.

Alioa akiwa amechelewa. Dorothea Cooper, binti wa kasisi, aliolewa naye mnamo 1919 na walihamia baadaye Moseley, Birmingham, katika nyumba iliyoitwa Dyott End. Hawakujaliwa watoto. Alikuwa mtu wa umbo kubwa na sauti ya kuimbia, aliyeandika mashairi kwa jina la kubuni, na ambaye hakuficha dharau yake kwa mjinga mwenye cheo. Tabia hiyo haikumletea kandarasi.

Mkataba wake na Daimler ulipofikia kikomo mwishoni mwa miaka ya 1920, alijaribu kuishi kwa kuunda spika za redio na gramafoni. Zilisifiwa, hazikumlipa. Mnamo 1931 kampuni yenye jina la familia ilinunuliwa na kundi lililomiliki Daimler. Maabara yake ilifungwa 1934, mwaka ambao afya yake iliporomoka. Madaktari waligundua kwamba alikuwa na maradhi ya Parkinson, yanayoufanya mwili utetemeke bila mwenyewe kutaka, na macho yote mawili yakaingiwa na mtoto wa jicho. Vita vya Pili vilipozuka alitamani kutumikia serikali, lakini mwili haukumruhusu.

Heshima zilimiminika huku mfuko ukiwa mtupu. Alitunukiwa nishani ya James Watt mnamo 1945, mojawapo ya tuzo kuu za uhandisi duniani. Aliaga dunia nyumbani kwake Dyott End Machi 8, 1946, akiwa na umri wa miaka 77, akiwa fukara.

Chuo cha ufundi cha Coventry kilipewa jina lake mnamo 1970, na maktaba ya chuo kikuu kilichotokana nacho ingali inaitwa hivyo. Mnamo 1975 kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilifufua zile fito mbili za kuzunguka kinyume, ikaziboresha kwa kuziweka katika viwango tofauti vya urefu, na kukata hataza. Porsche ilipotaka kuzitumia katika injini ya gari lake la 944 miaka michache baadaye, ada ya leseni iliilipa Mitsubishi.